Kipupwe Kilichomtoa Babu Nyumbani

Nyumba yetu ya mabati ilikuwa nzuri kwa kila jambo isipokuwa kulala. Baba aliijenga miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kwa mshahara wake wa ualimu na pareto aliyoilima mama, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwenye mteremko wetu wa Manga. Jua likitoka, iling'aa hadi watu waliopita njia ya chini wakasimama kuitazama. Mvua ikinyesha, tuliongea kwa ishara kama mabubu. Lakini mwezi wa sita ulipofika, mvua ndefu zikaisha na kipupwe kikaingia, ndipo tulipojua kwamba baba alikuwa amejenga sifa kwanza, nyumba baadaye.

Alfajiri ukungu ulikaa juu ya migomba, na mabati yakaanza kutoa jasho. Matone yalikusanyika upande wa ndani, yakateleza kidogo, kisha yakatuangukia usoni moja moja tukiwa usingizini. Sisi wasichana tulilala watatu kwenye blanketi moja, na aliyelala katikati ndiye aliyekuwa tajiri. Mimi nilikuwa mkubwa, kwa hiyo nililala pembeni, nikiisikia baridi ikipanda kutoka kwenye ile sakafu ya saruji ambayo baba aliisifia mbele ya kila mgeni. Mpaka leo mtu akinisifia nyumba yake ya mabati, namwuliza kwanza kama amewahi kulala humo mwezi wa saba.

Ng'ambo ya ua palikuwa na nyumba ya babu na nyanya, ya mviringo, ya udongo na paa la nyasi. Ndani ilikuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na ukuta wa udongo. Sehemu ya mbele ilikuwa ya babu, yenye mlango wake mwenyewe, kigoda chake na ngozi yake ya kulalia. Sehemu ya ndani ilikuwa ya nyanya, yenye mafiga na kitanda. Moto wa pale haukuwahi kufa. Jioni nyanya aliufunika kwa majivu, asubuhi akaupuliza ukaamka. Baba naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kisasa, alilijenga jiko letu mbali na nyumba, kibanda ambacho upepo uliingia upande huu ukatokea ule, ili moshi usizichafue kuta zake zilizopakwa rangi. Nyanya alisema mwanawe amewatenga watu na moto, na hakuwahi kuongeza neno lingine juu ya nyumba hiyo. Shuleni walitufundisha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi sikuhitaji kuelezwa maana.

Babu alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na koti zito la kijani alilorudi nalo kutoka vita vya wazungu. Hakuwa amebatizwa, kwa sababu ya ugoro, uliokatazwa kanisani. Siku ya Sabato sisi wote tulipokwenda kanisani, yeye alibaki nyumbani, na wazee wa kanisa walipomwuliza atakuja lini, aliwajibu kwamba lazima mtu mmoja abaki awachunge ng'ombe wa watakatifu. Baba alikasirika. Sisi tulicheka tukiwa tumeziba midomo.

Mwaka ninaouzungumzia, mama alikuwa mjamzito na tulimtarajia mtoto wakati wa kuvuna wimbi. Hakungoja. Alikuja kipupwe kikiwa bado kichanga kama yeye, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa mzito hata hatukuliona zizi kutoka mlangoni. Nyanya ndiye aliyempokea. Nakumbuka alivyonyamaza baada ya kumpangusa, na nyanya hakuwa mtu wa kunyamaza. Mtoto alikuwa msichana, mwekundu, mwenye vidole ambavyo ungeogopa kuvishika, na kilio chake kilikuwa chembamba kuliko cha paka mchanga.

Baba alikimbia hadi zahanati ya misheni akarudi na muuguzi. Muuguzi alimkagua mtoto bila haraka. Alisema anapumua mwenyewe na ananyonya, japo kidogo, na kwamba kumbeba hadi hospitali ya mjini kwa barabara ile ya matope na baridi ile kungekuwa hatari kuliko kukaa naye. Kisha akaeleza kitakachomwokoa: joto mchana na usiku, alale kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe kidogo kidogo kila mara, na moshi usimfikie. Alikuwa bado anaongea tone lilipotoka kwenye mabati likatua kwenye kofia yake nyeupe. Akainua macho, akalitazama paa letu maarufu, akauliza kama hapakuwa na nyumba nyingine.

Sote tuligeuka kutazama ng'ambo ya ua, halafu tukatazama chini.

Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, na haina mzaha. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake. Halali chini ya paa moja naye. Mtoto wa kiume akishatahiriwa, haendi tena upande wa ndani anakolala mama yake. Tulikua tukizijua sheria hizi kama tulivyojua njia ya kisimani, bila kukumbuka ni nani aliyetuonyesha. Kwa hiyo kila mtu pale alielewa hesabu yake: mama akihamia kwa nyanya na mtoto, babu hawezi kukaa.

Babu alikuwa ameketi nje chini ya mchirizi wa nyumba yake, na alisikia kila neno. Hakungoja kuombwa. Aliinuka, akaingia kwake, akatoka na kigoda, kikopo cha ugoro, ngozi yake na blanketi, akaanza kuteremka kuelekea saiga, kile kibanda cha vijana waliotahiriwa walikolala kaka zangu wawili. Kilikuwa na paa la nyasi lililochoka, na hakikuwa na moto wa kutegemewa, maana vijana wanaota moto wanapokumbuka kuleta kuni.

Baba alimfuata mbio, akamsihi aingie kwake badala yake, ndani kuna kitanda na godoro.

"Kwa mwanangu?" babu aliuliza. "Nikalale penye kitanda chako na mkeo?"

"Tata, mambo hayo tuliyaacha."

"Uliyaacha wewe," babu alisema. "Mimi hakuna aliyeniambia niyaache."

Akaenda zake na kigoda kichwani.

Nyanya alimvusha mama ua akiwa amemfunika yeye na mtoto kwa blanketi zote tulizokuwa nazo. Baba aliwafuata nyuma amebeba mto na taa, akapita sehemu ya mbele, akafika kwenye uwazi wa ukuta unaoingia kwa mama yake. Hapo mguu wake ukagoma. Niliuona kwa macho yangu. Ulinyanyuka, ukaning'inia hewani, ukarudi ulikotoka.

"Pita basi, mwalimu," nyanya alimwambia akiwa ndani. "Si mliyaacha?"

Baba alinipa mimi mto na taa, akaketi sehemu ya mbele juu ya debe, na hapo ndipo alipokuwa akiketi kila jioni, akiongea na mama kupitia ukutani. Sala ya familia ilifanyika hivyo hivyo. Yeye aliomba upande huu, mama akasema amina upande ule.

Mimi nilihamia kwa nyanya ili nisaidie kazi ndogo ndogo, na nakiri nilihama kwa furaha. Joto la nyumba ile lilinipokea hadi mifupani. Mama na nyanya walipokezana mtoto. Mmoja alipomweka kifuani ndani ya nguo, mwingine alilala au alipika, naye mama alikamulia matone ya maziwa kwenye kijiko kilichochemshwa. Mtoto hakuwekwa chini hata kidogo. Nyanya alisema ardhi isimjue kwanza.

Shida ilikuwa kuni. Tangu mvua ndefu kila kitu kilikuwa kimelowa, na kuni mbichi hutoa moshi kuliko moto. Siku ya kwanza nyumba ilijaa moshi, mtoto akapiga chafya mara kadhaa, kisha akaanza kukohoa kikohozi kidogo sana, na nyanya akazitoa zile kuni nje huku zikiwaka. Kesho yake asubuhi tulisikia mtu akikohoa nyuma ya ukuta, mzigo ukaanguka chini, na sauti ya babu ikasema bwakire, salamu yetu ya asubuhi. Nyanya akaitikia. Nilipotoka nje nilikuta kuni za muwati, kavu kabisa, zimepasuliwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Muwati uliokauka huwaka kwa moto mkali na moshi wake ni kidogo. Babu alikuwa ameyahifadhi magogo yale kwa mwaka mzima chini ya paa la zizi, ajengee ghala jipya la wimbi. Ghala lenyewe halikujengwa.

Sasa, kwetu mwanamume habebi kuni. Babu alizipasua kule zizini na kuzipandisha mteremko begani, mchana kweupe, na wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakamwuliza ni nani aliyemwoa. Babu na mjukuu wake wa kike hutaniana kama mume na mke, hiyo ni desturi, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alisema ameolewa na mwanamke mdogo sana mwenye ukali mwingi, ambaye amemfukuza nyumbani na bado anamtaka kuni. Wanawake walicheka hadi mitungi ikamwaga maji.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Kikohozi, mzigo, salamu. Kisha babu hakuondoka. Alikuwa akisimama pale nje kwenye ukungu, upande wa pili wa ukuta, na mimi nilizisikia pumzi zake. Hakuuliza habari za mtoto, maana haikumpasa kuuliza habari za chumba alimolala mkaza mwana wake. Alisimama tu. Hapo nyanya alinyoosha mkono ndani ya nguo ya mama, akautafuta unyayo wa mtoto, akaufinya. Mtoto akalia kale kakilio kake. Ndipo tuliposikia miguu ya babu ikiteremka kuelekea saiga.

Nilipouona mchezo huo kwa mara ya kwanza nilikasirika. Nilimwambia nyanya kwamba anamtesa mtoto aliye mgonjwa. Nyanya hakukasirika. Aliniambia mzee yule hatakunywa uji mpaka asikie, na asiposikia atasimama pale mpaka aote mizizi. Kisha akanipa kibuyu cha uji wa wimbi nimpelekee, akanionya nisimwambie babu kuhusu kufinya. Nadhani babu alijua. Watu walioishi pamoja muda mrefu namna ile hawafichani mambo kama hayo, wanayaacha tu.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kupeleka uji. Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni pa saiga, koti limefungwa hadi kidevuni, na kaka zangu wakilalamika kwamba mzee anakoroma, anawaamsha mapema kukamua, na kila kosa lao analilinganisha na vijana wa zamani waliolala na ng'ombe porini bila blanketi. Walilalamika, lakini niliona walikuwa wamemwachia sehemu ya ukutani isiyovuja. Mmoja wao alikuwa amempa sweta yake ya shule aivae chini ya koti. Babu alijikaza kisabuni. Hata hivyo kikohozi chake, ambacho mwanzoni kilikuwa cha kubisha hodi tu, kilianza kuwa cha kweli. Kilishuka kifuani. Siku zingine alisalimu, halafu akakohoa muda mrefu kabla ya kuweza kusikiliza.

Mama alikisikia. Alikuwa mtu wa haya sana, mtoto wa watu wa Kiogoro, na tangu aolewe hakuwahi kumtazama babu machoni. Jambo la kwamba mzee analala nje kwa sababu yake lilimkata maini kuliko uchungu wa kuzaa. Asubuhi moja baada ya kikohozi kirefu alianza kukusanya nguo za mtoto. Alimwambia nyanya kwamba atarudi kwake kwenye mabati, kwamba mtoto ameongezeka nguvu, kwamba hawezi kunyonyesha akimsikia baba mkwe wake akifa nyuma ya ukuta. Nyanya alimwacha amalize. Kisha akanituma nikamwambie babu.

Nilimweleza babu yote, pamoja na lile neno la kufa, ambalo mtu mwenye akili angeliruka. Alinusa ugoro wake, akafuta pua.

"Mwambie mama yako mimi nimeonja jua na baridi mpaka nikachoka navyo," alisema. "Yule bado hajaliona jua hata siku moja. Aketi pale pale."

Nilirudisha ujumbe jinsi ulivyo. Mama aliziweka nguo chini, akafunika uso kwa ncha ya leso, akalia, na mtoto kifuani mwake akapanda na kushuka pamoja naye. Tangu siku hiyo, kila babu alipopewa uji, mama ndiye aliyeupika. Aliweka maziwa lala na asali kidogo kutoka kwenye chupa iliyotunzwa kwa wagonjwa.

Siku ya mvua ya mawe ilikuja kipupwe kikiwa katikati. Alasiri mbingu ilishuka hadi kwenye vilele vya mikaratusi, kisha mawe yakaanguka, makubwa kama mbegu za parachichi, yakachana majani ya migomba na kupiga mabati ya baba kwa kelele ambazo zilimfanya ng'ombe mmoja akate kamba. Yalipokoma, ua mzima ulikuwa mweupe. Wadogo zangu waliyaokota wakayala wakicheka. Mimi niliiona mikono ya nyanya ikirundika kuni na sikucheka. Baridi iliyotoka kwenye yale mawe ilikaa hadi kesho yake, na asubuhi bado yalikuwepo pembeni mwa ua, yameshikana na nyasi.

Asubuhi hiyo kikohozi kilikuja, mzigo ukaanguka, babu akasalimu. Nyanya aliitikia kwa mazoea huku tayari ameutafuta ule unyayo. Akaufinya. Hakuna sauti. Akaufinya tena. Mama alifungua nguo, na katika mwanga wa moto niliuona uso wa mtoto umelegea, midomo imeingia rangi ya samawati iliyokolea. Alikuwa hajanyonya tangu alfajiri, mama akadhani amelala. Nyanya alimgeuza, akamsugua mgongo kwa kiganja, akampulizia usoni. Alipumua, lakini kwa mbali mbali, kama mtu anayesahau na kukumbuka. Hakulia.

Nje babu alikuwa bado amesimama. Nilijua anasubiri. Sote tulijua, na hakuna aliyeweza kumpa alichokuwa akikisubiri.

Nyanya alinisukumia kibuyu cha uji, akaniambia nimpelekee. Nadhani alitaka nitoke. Nilimkuta amesimama na kuni za pili bado begani, hajazitua. Alinitazama usoni, na uso wangu ulimweleza. Nilimnyooshea kibuyu.

"Kirudishe ndani," alisema. "Nitakunywa nikimsikia."

Baba alikuwa akija kutoka nyumba ya mabati, akifunga vifungo vya shati aende shule. Alituona tumesimama vile akaacha vifungo. Alimpita babu, akaingia sehemu ya mbele, akafika kwenye ule uwazi, na pale pale alipokomea siku ya kwanza akakoma tena. Aliita jina la mama. Mama alikuwa akimwita mtoto. Baba alishika ukuta kwa mikono miwili.

Babu alikuwa ameingia nyuma yake, hadi kwenye sehemu ile ambayo ilikuwa yake na ambayo hakuwa ameikanyaga tangu ahame. Alizitoa kuni begani akamwekea baba mikononi.

"Ingia," alisema.

"Tata, kule ndani ni kwa—"

"Nimesema ingia."

Baba aliingia. Babu aligeuka akatoka nje haraka, kama mtu aliyekanyaga makaa, akarudi kwenye nafasi yake ya nyuma ya ukuta. Ndani, baba yangu, mwalimu, mtu wa kalamu na chaki, alipiga magoti kwenye mafiga ya mama yake, akapanga kuni zile kavu, akapuliza hadi majivu yakamjaa nyusi. Moto ulisimama. Nyumba ilipata joto hadi tukatoka jasho. Kisha alivua shati, na nyanya akamchukua mtoto kutoka kwa mama, akamweka kwenye kifua cha baba, akawafunga pamoja kwa blanketi. Mama alikamulia tone kwenye mdomo. Lilitiririka nje. Akakamulia lingine. Niliomba kama nilivyofundishwa, halafu nikaomba bila kufuata nilivyofundishwa, nikimwambia Mungu kwamba nitalala pembeni mwa blanketi maisha yangu yote.

Sijui ilichukua muda gani. Uji ulipoa mikononi mwangu ukaganda utando juu. Midomo ya mtoto ilianza kubadilika, ikarudi rangi yake pole pole, na tone moja halikutiririka, lilimezwa. Nyanya alijifuta mkono kwenye nguo, akautafuta unyayo. Nilimwona akisita. Kisha akaufinya kwa nguvu zaidi kuliko alivyowahi.

Mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kilio kilichokatika katikati kikaanza upya, na baba akalia pamoja naye waziwazi, majivu yakimchora mistari usoni. Upande wa pili wa ukuta babu alikohoa, akaomba uji wake. Nilimpelekea. Aliunywa wote ukiwa baridi, na utando wake, akanirudishia kibuyu, akateremka mteremko juu ya ile mvua ya mawe akichagua mahali pa kukanyaga.

Baba hakutaja tena mambo tuliyoyaacha na tusiyoyaacha. Wala hakurudi tena upande wa ndani baada ya siku hiyo, na hakuna aliyemuuliza.

Kipupwe huondoka bila kuaga. Unaamka siku moja ukungu umepanda mapema, jua limefika hadi kwenye kizingiti, na kuku wametandaza mabawa mavumbini. Siku kama hiyo, wimbi likiwa limeanza kukatwa mashambani, nyanya alimtazama mtoto, ambaye sasa alikuwa na mashavu na kikunjo kimoja cha mafuta kwenye paja, akasema ardhi inaweza kumjua. Alinituma nimwite babu kutoka saiga.

Alikuja amenyoa ndevu. Aliweka kigoda chake uani, kwenye jua, akaketi, koti lake likiwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mama alitoka na mtoto, akasimama kando, macho chini kama siku zote. Hakumpa babu mkononi. Alimpa nyanya, na nyanya akampa babu, kama inavyotakiwa.

Babu alimpokea kwa mikono miwili. Walikuwa wameishi jirani kipupwe kizima, ukuta mmoja kati yao, na hawakuwa wameonana. Alimtazama paji la uso, masikio, akakihesabu kila kidole.

"Kumbe huyu ndiye mke aliyenifukuza kwangu," alisema, na sote tukacheka, hata mama.

Mtoto hakulia. Alikuwa amekodoa macho kwenye mwanga, midomo wazi, amenyamaza kabisa. Babu alingoja. Alimtikisa kidogo, akaweka sikio lake karibu, akangoja tena. Niliona kicheko kikimtoka usoni na hofu ikiingia mahali pake, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba yuko hai.

"Mbona halii?" aliuliza.

Nyanya, aliyekuwa karibu, alinyoosha vidole kwenye unyayo kama alivyozoea. Babu alimgeuzia bega. Akamwingiza mtoto ndani ya koti lile la kijani, akalifunga juu yake kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Nimemsikia vya kutosha."